"Mafuta haya yamekaangiwa kamba?"

Jumamosi moja asubuhi familia ya watu watano ilishuka kwenye treni ya SGR jijini Dar es Salaam ikitokea Morogoro: baba, mama, wavulana wawili na binti wa miaka tisa. Walikuja kuona bahari, kula samaki na kurudi na treni ya jioni. Kwa wavulana yalikuwa matembezi tu. Kwa binti ilikuwa zaidi ya hapo, maana tangu mwaka jana alikuwa hajala chakula kilichopikwa nje ya nyumba yao.

Mwaka huo, kwenye harusi ya ndugu, alionja sambusa iliyokuwa na kamba. Muda si mrefu midomo ikavimba, mwili ukatoka vipele na pumzi ikaanza kumpa shida. Aliwahishwa hospitali, akapona. Vipimo vikaonyesha ana aleji ya kamba na kaa, ingawa samaki wa kawaida anawala bila tatizo. Tangu siku hiyo kila sherehe anakwenda na hotpoti lake, anakaa pembeni na wali wa nyumbani. Safari hii aliomba jambo moja tu: "Mama, na mimi nile kama wengine."

Walianzia soko la samaki la Feri, Magogoni. Hapo unanunua samaki, vijana wanampara magamba na kumtoa matumbo, kisha unampeleka kwa wakaangaji. Wakanunua changu watano. Mama akamsogelea mkaangaji mmoja, akamuuliza kama karai lake limekaangiwa kamba. Yule bwana hakuzunguka.

"Mama, humu wanapita kamba, ngisi, pweza, kila kitu. Mafuta ni hayohayo. Kama mtoto ana shida, usimpe."

Baba alikunja uso. Bei ilikuwa nafuu na wavulana walikuwa na njaa. Lakini moto wa karai hauondoi aleji, na mabaki yaliyomo kwenye mafuta yanaweza kumdhuru mtoto hata kama hakuna kamba kwenye sahani yake. Wakaweka samaki kwenye mfuko wenye barafu, wakapanda pantoni kwenda Kigamboni.

Ng'ambo walikuta mgahawa mzuri ufukweni. Makuti, upepo, bembea za watoto, menyu yenye picha. Samaki wa kutoka nje hawaruhusiwi. Mhudumu, kijana mchangamfu, alijibu kabla swali halijaisha: "Hakuna shida, mama." Mama akaomba amuulize mpishi. Kijana akaenda na kurudi: "Amesema hakuna shida." Mama akaomba kuona mwenyewe. Jikoni alikuta chombo kimoja kirefu cha mafuta, na kamba wakiibuliwa humo.

Wakalipia soda, wakanyanyuka.

"Tutazunguka mpaka lini?" baba aliuliza. "Si umchukulie hata chipsi?"

"Chipsi zinatoka kwenye mafuta yaleyale."

Binti akainamisha kichwa. "Mimi sina njaa," alisema. Hakuna aliyemwamini, na baba hakulalamika tena.

Mbele kidogo, palikuwa na kibanda chenye benchi mbili na jiko la mkaa. Mama mtu mzima alikuwa akisonga ugali. Aliposikiliza maelezo, aliuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza siku hiyo: "Akila inakuwaje?" Mama akamweleza.

"Basi nisikudanganye, mwanangu. Asubuhi nimekaanga kamba hapa. Mkinisubiri, nitaosha kikaango kwa sabuni na maji ya moto, niweke mafuta mapya, na samaki wenu niwakaange peke yao. Mafuta mtalipia nyinyi."

Wakamsubiri. Mama alisimama karibu, akaangalia kikaango, kisu, ubao, hata kijiko cha kugeuzia. Changu walikuja na ugali, kachumbari na ndimu. Binti alikaa katikati ya kaka zake, akala kwa mkono mpaka akabakiza miiba. Mama alikula kidogo, macho yako kwenye midomo ya mtoto. Dawa aliyopewa na daktari ilikuwa kwenye mkoba, na alishaulizia hospitali ya karibu iko wapi. Pumzi ikibana, hospitali ni hapohapo, si kusubiri vidonge vifanye kazi. Muda ukapita. Midomo haikuvimba.

Kwa bei, Feri iliwashinda wote. Kwa mandhari, mgahawa wa makuti haukuwa na mpinzani. Lakini kwa mzazi mwenye mtoto wa namna hii, kipimo kilikuwa kingine: nani anajua kilichopita kwenye mafuta yake, na yuko tayari kukisema hata kama atakosa mteja. Kwa kipimo hicho mkaangaji wa Feri, ambaye kwake hawakula kitu, alikuwa sawa na mama wa kibandani.

Jioni waliposhuka kwenye pantoni, wavulana walikimbilia meza ya mihogo ya kukaanga. Binti alifika wa mwisho, akasimama mbele ya muuzaji.

"Shikamoo. Mafuta haya yamekaangiwa kamba?"

Mama alifungua mdomo, akaufunga.

"Marahaba. Ndiyo, mchana wamepita kamba," alisema muuzaji.

"Basi, asante," alisema binti, akageuka kumtafuta muuza machungwa.