Siku Moja Delhi na Kiongozi wa Njia

Msafiri katika nchi ya ugeni hatoshelezwi na macho yake peke yake. Ahitaji na mtu wa kumwonyesha. Bwana Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipohama Makka kwenda Madina mwaka 622, yeye na Abubakar walimwajiri kiongozi wa njia kwa ujira, jina lake Abdullah bin Urayqit. Mtu yule siku hizo hakuwa Mwislamu. Aliaminiwa kwa kuwa alizijua njia na alikuwa mtu wa ahadi. Walimkabidhi ngamia wao, wakaagana wakutane penye pango la Thawr baada ya siku tatu, naye akaja kama alivyoahidi. Kisa hiki tulikikumbuka sana tulipokuwa Delhi, mji mkuu wa India.

Hatukwenda huko kwa tafrija. Kaka yetu, mkulima wa korosho wa Lupaso katika wilaya ya Masasi, alikuwa na maradhi ya moyo, na madaktari wakashauri akapasuliwe India. Jamaa walichanga, yeye akatoa akiba ya mavuno yake, tukasafiri naye pamoja na mwanawe. Vipimo vilipokwisha tukaambiwa tungoje siku nne. Siku ya pili kaka akatutazama tulivyojikunyata kando ya kitanda chake, akasema: "Mbona mwanikalia kama watu wa matanga? Mwanangu atabaki nami. Ninyi nendeni mkauone mji, mje mnisimulie. Na mniangalizie korosho zetu zaishia wapi."

Penye nyumba za wageni hawakosekani watu wa kumchukua mgeni kwa bei ndogo, kisha wakamzungusha katika maduka ya mazulia na vito, kwa kuwa mwenye duka huwapa fungu lao. Sisi tulielekezwa kwa mzee mmoja, Mhindu, aliyepata kuwa mwalimu wa historia. Tulipatana naye ujira wa siku nzima kabla ya kuinua mguu, tukatoa sharti letu: asituingize duka tusilolitaka. Yeye naye akatoa lake: tusimkasirikie akitwambia kweli.

Alitupeleka kwanza Qutb Minar, upande wa kusini wa mji. Mnara huu ulianzishwa na Qutbuddin Aibak mwishoni mwa karne ya 12, ukaendelezwa na mkwewe, Sultani Iltutmish. Urefu wake ni karibu mita 73, na aya za Kurani zimechongwa katika mawe kuuzunguka. Ubavuni mwake pana magofu ya msikiti wa zama zile zile. Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliuona msikiti huu miaka michache baadaye, na Sultani Muhammad bin Tughluq akamfanya kadhi wa Delhi. Tulifurahi kusikia habari za jirani yetu Kilwa mbali namna ile.

Ndipo mzee akatuonyesha nguzo za ukumbi. Zimechongwa kengele, minyororo na maua, na pengine sura za watu zilizofutwa nyuso. "Hizi," akasema, "zilikuwa nguzo za mahekalu ya watu wangu. Yalivunjwa, na mawe yake yakajengewa hapa. Maandishi ya mlangoni yenyewe yanayataja mahekalu 27." Hakuinua sauti wala hakukunja uso. Kisha akaendelea, kwa sauti ile ile, kuusifu ufundi wa mnara na uzuri wa hati zake, akasema hakuna jengo la Delhi alipendalo kuliko lile.

Tulinyamaza kitambo. Tungaliweza kubisha au kugeuza maneno, lakini sharti tulikuwa tumelikubali. Mwisho tukamwambia: "Mzee, na sisi tuna letu. Katika nchi ya kwetu ilipita misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa kuteremka pwani, ikichukua pembe na watumwa, na miongoni mwa wenye biashara hiyo walikuwamo Waislamu wenzetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta Masasi, kutoka Unguja, watu waliokombolewa katika utumwa, ikaanzwa misheni." Akauliza: "Na vijana wenu mwawafundisha hayo?" Tukaona haya, kwa kuwa wengi wao hatujawasimulia.

Kutoka hapo tulipanda treni ya chini ya ardhi hadi Delhi ya zamani. Karibu na Lango la Turkman, ndani ya vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa taabu, liko kaburi lisilo paa linalosemwa kuwa la Razia, binti Iltutmish. Baba yake alimwona ni bora kuliko ndugu zake wanaume, naye akatawala tangu 1236 hata 1240. Alimpandisha cheo Mhabeshi mmoja, Jamaluddin Yaqut, akamfanya mkuu wa farasi. Masharifu wa Kituruki wakaona wivu, Yaqut akauawa na malkia akaondolewa. "Nimewaleta hapa," mzee akasema, "mjue kwamba Mwafrika si mgeni Delhi."

Adhuhuri ilitukuta Jama Masjid, msikiti wa Shah Jahan uliomalizika mwaka 1656, wa mawe mekundu na marumaru nyeupe, ambao uwanja wake huchukua watu kama 25,000. Baada ya vita vya 1857 Waingereza waliwafungia Waislamu msikiti huu, usirudishwe hata 1862. Mzee aliketi ngazini akalinda viatu vyetu na mkoba wenye fedha za mgonjwa. Tuliswali bila kugeuza moyo nyuma, tukamwombea kaka yetu.

Alasiri tukaingia Khari Baoli, soko la viungo lililo karibu na Msikiti wa Fatehpuri. Huko hewa yenyewe ni pilipili. Kila mtu hupiga chafya, mwenyeji na mgeni. Tukaziona korosho, nyeupe, zimechaguliwa kwa ukubwa na kutiwa magunia. Wao huziita kaju, nasi twasema kanju. Jina moja, kwa kuwa ni Wareno walioleta mbegu zake kutoka Brazili huku na huku katika karne ya 16. Mwenye duka alitwambia kwamba nyingi huletwa na maganda yake kutoka Afrika, Tanzania ikiwamo, zikabanguliwa kusini mwa India. Kilo moja ya kiini hutaka kilo nne au tano zenye ganda. Tulipofanya hesabu ya bei yake na ile tuliyolipwa mnadani, tukafahamu kwamba kazi ya kubangua, ambayo mikono ya vijana wetu ingaliweza kuifanya, ndiyo tunayowaachia wengine. Tukanunua robo kilo.

Jioni tulimlipa mzee ujira wake pale pale, tukaagana kwa kupeana mikono. Kaka alisikiliza yote hata usiku. Akaishika korosho moja, akaigeuza mwangani, akasema: "Miaka yote hii naziokota, sijapata kuiona nyeupe hivi." Kisha akauliza: "Na mzee yule akija Lupaso, nani atamwongoza?"

Alipasuliwa, na kwa rehema za Mungu akarudi nyumbani kwa miguu yake. Swali lake bado li nasi. Lupaso ndiko alikozikwa Rais Benjamin Mkapa mwaka 2020. Masasi ina majabali yake, na Newala ina Shimo la Mungu, ambapo mtu husimama ukingoni mwa nyanda za juu akatazama bonde la Ruvuma. Mambo tunayo. Enyi vijana, waulizeni wazee wenu wangali hai, mjue ya fahari na ya aibu pia. Na mgeni akiwajia, mwambieni kweli bila kuficha na bila chuki, kama alivyotufanyia Mhindu yule. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu wa njia. Amin.