Babu wa Mida na Mvi Zake

Mji wetu wa Mariakani hauna bahari. Sisi tuliolelewa hapa miaka ya themanini tulijua vumbi, jua kali, honi ya garimoshi na foleni ya malori yakingoja kupimwa uzito kwenye mizani ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Baba aliziba tairi kando ya barabara hiyo, nasi watoto tuliyatambua malori kwa milio yake kabla hayajatokeza. Lakini kila shule zilipofungwa mwishoni mwa mwaka, tulifunga virago tukaenda kwa babu, kwenye mkono wa bahari wa Mida, baina ya Kilifi na Malindi.

Tulipitia Kaloleni hadi Mavueni, kisha tukashika barabara ya Malindi. Siku hizo daraja la Kilifi halikuwapo, kwani lilifunguliwa mwaka 1991. Tulivuka kwa feri, na kwangu mimi likizo ilianza pale feri ilipong'oa nanga na harufu ya chumvi ikatupiga usoni.

Babu alitupokea akiwa amejifunga kikoi, miguu imejaa matope hadi magotini. "Mke wangu amefika!" alikuwa akiniambia, maana kwa utani wa kwetu Wagiriama mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Nyanya naye alijibu kutoka jikoni, "Basi leo apike yeye, mimi nipumzike."

Jirani zake wengi waliitegemea minazi na mahindi. Babu alikuwa na minazi pia, lakini maisha yake yalikuwa mikokoni. Hakuwa na saa ya mkono. Aliyasoma maji kwa mwezi. Alitufundisha kwamba mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ndipo maji huwa ya bamvua, yakajaa mno na kupwa mno. Na katikati ya hapo huwa maji mafu. Alitueleza kwamba kila siku maji huchelewa kujaa kwa karibu saa moja kuliko jana, na ndiyo sababu mvuvi hana wakati mmoja wa kuamka maishani mwake. Alitutajia miti kana kwamba anatutajia jamaa zake: mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu unaochomoza mizizi kama vidole kutoka matopeni, na mkandaa, ambao zamani, kabla ya nyavu za nailoni, maganda yake yalichemshwa yakatoa rangi nyekundu ya kutia nyavu za pamba zisioze.

Alipotoa samaki kwenye dema zake, fungu la kwanza lilikwenda kwa mjane jirani asiyekuwa na mtoto. La pili liliingia chunguni mwetu. La tatu ndilo lililouzwa. Siku moja alipata tafi wanne tu. Nilidhani mjane atasahauliwa. Babu alimpelekea wawili. Nilipouliza, akanijibu, "Sisi tuko wengi, hata mchuzi mtupu kwetu ni karamu. Yeye yuko peke yake. Akila mchuzi mtupu atajua kuwa ni maskini."

Naye alikuja kwetu Mariakani mara mbili kwa mwaka, na kapu la samaki wa kukaanga. Hakukaa zaidi ya siku tatu. Alilalamika kuwa usingizi haumjii. "Barabara yenu," alisema, "hujaa tu, haipwi."

Mambo yaliharibika mwaka 2008. Nyanya alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mtoto wa jamaa yetu mmoja aliugua, na baada ya siku chache akafariki. Wakati huo bei ya ardhi upande wa Watamu ilikuwa imepanda, na shamba la babu lilikuwa bado halijagawanywa. Jamaa mwingine, ambaye siku nyingi alilitamani shamba hilo, akaanza kunong'ona penye mnazi kwamba yule mzee mwenye kichwa cheupe ndiye aliyemla mtoto. Usiku mmoja jiwe lilitua juu ya paa la babu. Asubuhi yake dema mbili zilikutwa zimekatwakatwa kwa panga.

Msomaji wa sehemu zetu hahitaji kuelezwa zaidi. Katika Kilifi yetu wazee wengi wameuawa kwa kosa la kuota mvi, na mara nyingi nyuma ya panga hilo huwa kuna shamba. Wengine wamelazimika kuacha nyumba walizozijenga kwa mikono yao na kukimbilia hifadhi Kaya Godoma, kule Ganze.

Tuliitana tukafanya kikao. Baba alitaka babu aje Mariakani. Babu akakataa katakata. Ndipo mmoja wetu akashauri kwamba apakwe piko kichwani, mvi zisionekane. Mmoja huyo nilikuwa mimi.

Nilinunua piko dukani hapa kwetu, nikapanda matatu hadi Mida. Nilimkalisha chini ya mwembe, nikamfunika kanga mabegani. "Mke wangu," akasema, "unanitayarisha kuoa tena?" Tukacheka sote wawili. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

"Nyavu tulikuwa tukizitia rangi zisioze," akasema. "Mimi nimeoza wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliendelea kupaka. Nilipomaliza nikampa kioo, akajitazama, akanirudishia. "Haya. Kama hii itawafanya nyinyi mlale usingizi, nipakeni." Jioni mtoto wa kaka yangu, wa miaka minne, alikataa kupakatwa naye. Alimtazama, akarudi nyuma, akauliza babu amekwenda wapi.

Wala piko haikusaidia kitu. Yule jamaa alipomwona alisema, "Mnaona? Angekuwa hana hatia angejificha?" Rangi niliyoipaka kwa mikono yangu ikageuzwa ushahidi.

Mwishowe tulimhamishia Mariakani kwa machozi. Aliishi nasi miaka miwili. Kila asubuhi alikaa kwenye kiti karibu na kibanda cha baba, akatazama malori. Kila jioni aliutafuta mwezi juu ya mabati, akaniambia saa ambayo maji yatajaa Mida. Mvi zake zilirudi zote, na hakuna aliyezigusa tena. Mwaka 2010 alilala asiamke. Tulimzika Mida, karibu na mwembe ule. Yule jamaa alikuja matangani, akala, na akalia kuliko wenye msiba.

Watu husema tulifanya vyema kumwokoa. Mimi moyo wangu haujatulia. Sheria ya nchi, tangu mwaka 1925, inasema kwamba kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa. Hatukwenda kwa chifu, hatukwenda polisi. Tuliona haya kumshtaki mtu wa damu yetu. Hivyo tulimpaka rangi aliyeonewa, tukamwacha aliyeonea akitembea kifua mbele. Tulimwondoa mzee kwenye maji yake, mwenye tamaa akabaki na upepo wa bahari.

Siku hizi mvi zimeanza kuniota mimi mwenyewe. Juzi binti yangu aliniletea piko kutoka dukani, kwa nia njema tu ya urembo. Nilimwambia akae kwanza. Nikamsimulia habari za babu, za tafi wanne, na za kanga niliyomfunika mabegani. Alisikiliza, kisha akaichukua piko yake akairudisha dukani.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Basi, msomaji mwenzangu, ikiwa umejaliwa kuwa na babu, na siku moja ukasikia mvi zake zinasemwa penye mnazi au matangani, usiende kutafuta rangi kama nilivyofanya mimi. Mtafute anayezisema, umkabili mchana, mbele ya watu.

Mola amrehemu babu yangu.