Albion Langu Halipimwi kwa Kilo

Mwaka 1974, kampuni ya mabasi ya DMT ilipogawanywa zikazaliwa UDA na KAMATA, mimi nilikuwa spana boi katika gereji ya mabasi hapa Moshi. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma kwa dizeli na kutumwa chai. Mabasi mengi tuliyoyahudumia yalikuwa Leyland na Albion. Albion ilianzia Glasgow mwaka 1899, na Leyland ikainunua mwaka 1951, ndiyo maana wazee wengi hadi leo huyaita yote kwa jina moja, Leyland Albion. Nimestaafu sasa, na nyuma ya nyumba yangu ninalo moja, aina ya Viking. Vijana wa chuma chakavu hawaishi kunigongea geti.

"Shikamoo mzee. Tukupimie hilo?"

"Marahaba. Hili halipimwi kwa kilo, mwanangu."

Nililinunua kwa mtu aliyekuwa akifugia kuku ndani yake. Injini ilikuwa imeganda. Nikafungua nozeli, nikamimina dizeli iliyochanganywa na oili katika silinda zote sita, nikaiacha iloweke. Kila Jumapili baada ya ibada nilitia mtalimbo kwenye meno ya flaiwili na kuisukuma kidogo, mbele na nyuma, bila pupa, maana ukilazimisha unavunja ringi. Siku ilipozunguka duara zima nilipiga kelele hadi mke wangu akaja mbio na fimbo, akidhani nimeona nyoka.

Injini hiyo ni Leyland 400. Namba ni ujazo wake kwa inchi za ujazo, yaani kama lita sita na nusu. Imekaa mbele, ubavuni mwa dereva, chini ya mfuniko mkubwa ambao abiria wa mwisho kupanda ndio walioukalia. Mchana ilikuwa adhabu. Usiku wa baridi walikuwa wakipagombania. Waingereza waliacha zamani kuitengeneza, lakini Ashok Leyland ya India iliendelea na uzao wake kwa miaka mingi, kwa hiyo gasketi na beringi bado ukitafuta unapata.

Tabu ni bodi. Wanaoniuliza lini nitalirudisha kama lilivyotoka kiwandani hawajui kwamba kiwandani halikutoka likiwa basi. Melini ilishuka chesisi tupu: injini, usukani, magurudumu. Dereva aliitoa bandarini akiwa amekalia sanduku, uso kaufunga kitambaa, akala vumbi safari nzima. Bodi ilijengwa huku na maseremala: fremu ya mbao, juu yake bati lililopigwa ribiti. Kila karakana ilikuwa na mkono wake, na mkono huo haukuandikwa kwenye kitabu chochote cha Glasgow.

Halafu ukaja ukata. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa haba, spea zikawa hadithi, na mabasi yalitembea kwa akili za mafundi. Hili langu lina majani ya springi kutoka lori la aina nyingine kabisa. Boksi la betri limekunjwa kutokana na pipa la mafuta, na herufi za pipa bado zinasomeka kwa ndani. Rejeta imezibwa kwa risasi hapa na pale kama nguo ya maskini.

Kijana wangu wa gereji anataka tuvitupe vyote hivyo, tupige rangi ya kung'aa. Mbao zilizoliwa na mchwa nitabadilisha, tena kwa mninga, kwa kuwa roho za watu hazibebwi na mbao mbovu. Breki nazo zitakuwa mpya. Ila boksi la pipa halitoki. Wanaotaka Albion la kiwandani waende Uskoti.

Sijui tu ubavu wake ulichorwaje kabla ya rangi kupakwa juu ya rangi. Kwa hiyo nakuomba, wewe uliyepigwa picha stendi ya Moshi miaka ya sabini ukiwa na sanduku na suruali yako ya bugaluu: itazame picha hiyo nyuma ya bega lako. Ukiona ubavu wa basi, niletee niitolee nakala, na yako utarudi nayo.