Pengo la mpwa wangu

Mtaniwia radhi kwa ukimya wa wiki mbili. Nilikwenda Serengeti kumwona mtoto wa dada yangu, ana miezi saba na nilikuwa sijamtia machoni. Kutoka Tarime hadi Mugumu si mbali ukitazama ramani. Kwenye basi ni habari nyingine kabisa, unapita Nyamongo, unavuka Mto Mara, na ukishuka hata mama yako anaweza asikutambue kwa vumbi.

Basi nikafika, na badala ya kufurahia mtoto mchanga nikakuta kilio. Mpwa wangu mkubwa, binti wa miaka minne, shavu limevimba, usiku kucha hakulala. Mdogo naye ana homa na anaharisha. Dada asingeweza kuwabeba wote wawili, shemeji yuko safarini, kwa hiyo asubuhi mjomba mtu nikapanda bodaboda na binti kwenda kwa daktari wa meno Mugumu. Njiani nikamwahidi soda akiwa jasiri. Ndiyo, soda, kwa mtoto mwenye jino bovu. Chuo kikuu hakifundishi kila kitu.

Mle chumbani alifunga mdomo kama aliyeshikwa na polisi. Tabibu, kijana wa rika langu, hakugombana naye. Aliniambia mimi nikae kwenye kiti, akampa binti kioo kidogo na kumwambia anihesabie meno. Akahesabu mpaka kumi na mbili, ndipo hesabu zake zilipoishia, akacheka. Zamu yake ilipofika akafungua mdomo mwenyewe.

Tabibu akahesabu mara mbili. Kisha akaniuliza, "Mlimpeleka kwa nani?"

Sikumwelewa. Akanionyesha. Mtoto wa umri huu anatakiwa awe na meno ishirini, kumi juu, kumi chini. Huyu alikuwa na kumi na nane. Chonge mbili za chini hazikuwepo, na hazikuoza wala hakuanguka. Zilichimbuliwa kwenye ufizi kabla hazijaota, akiwa mchanga.

Meno ya plastiki. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utoto kama wengi wenu, wengine husema meno ya nailoni, na sikuwahi kujiuliza ni nini hasa. Ukimfungua mdomo mtoto wa miezi michache, mahali chonge itakapoota pana uvimbe mdogo. Ukiuchimbua unatoka na kitu laini, cheupe, hakifanani na jino. Hicho ndicho kichipukizi cha jino lenyewe, bado hakijakomaa. Lakini mtoto akiwa na homa au akiharisha, watu wanauona ule uvimbe na kusema ugonjwa ndio huo. Mganga anaitwa, na kifaa chake kinaweza kuwa spoku ya baiskeli. Habari hizi zilienea sana nchini kuanzia miaka ya 1980, na mwaka 1992 watafiti wawili Watanzania, Hiza na Kikwilu, walichapisha utafiti kuhusu kijiji kimoja cha mbali ambako watoto walikuwa na mapengo ya aina hiyo. Si sisi peke yetu. Magharibi mwa Uganda wanayaita ebiino, na hata Israel madaktari wameyakuta mapengo hayo kwa watoto wa wahamiaji kutoka Ethiopia. Tabibu alisema mtoto anaweza kuvuja damu mpaka afe, au kidonda kikaoza, na jino la ukubwani lililoko chini yake likaharibika.

Najua kuna atakayesema mbona Wajaluo zamani waling'oa meno sita ya chini. Jamani, ile ilikuwa alama ya kuingia utu uzima, na hakuna aliyesema inatibu kuharisha.

Gego bovu likang'olewa. Binti alilia mara moja, sindano ilipoingia, kisha akataka kuliona jino lake.

Mimi nilikuwa na aibu. Nimeandika habari za mgodi, za mpaka wa Sirari, za ugomvi wa koo. Hii ilikuwa nyumbani kwa dada yangu, na pengo lilikuwa likinichekea kila nilipokwenda kuwasalimia.

Nikampigia dada kumwambia tumemaliza. Nikauliza mdogo anaendeleaje.

"Homa haijashuka. Mama anasema ni yale meno. Kuna mzee anakuja jioni."

Sikumbuki bodaboda ilivyotufikisha. Mama mkwe wake alikuwa chini ya mwembe, mtoto mapajani. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikaanza kueleza vichipukizi na chonge. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, huyu mkubwa alitolewa akapona. Mimi wangu wa tatu sikumtoa. Nilimzika."

Ningemjibu nini? Kwamba huenda alikufa kwa malaria, au kwa kuishiwa maji? Huwezi kumwambia mzazi hivyo na kaburi liko nyuma ya nyumba. Nikasema tu, "Mama, nipe siku ya leo. Nimpeleke zahanati akapimwe damu. Kesho mtaamua."

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamfunga mtoto kwenye khanga na kunikabidhi.

Kipimo kilionyesha malaria. Tukapewa dawa mseto, ORS na vidonge vya zinki kwa ajili ya kuharisha. Yule mzee alifika jioni kama alivyoahidi. Alikaribishwa chai, akaambiwa asubiri kwanza, akaondoka bila kinyongo.

Siku ya tatu homa ilikwisha na kuharisha kukakoma. Nikadhani nimeshinda. Wakati naaga, bibi akamwinua mtoto mdomo wa chini kwa kidole, akatazama, akasema dawa imeshusha homa, ila meno bado yapo.

Ni kweli yapo. Chonge huota karibu na mwaka mmoja na nusu, na homa hazitakosekana katikati. Nimemwomba dada anipigie kila mtoto atakapochemka, hata saa nane za usiku.

Binti aliniuliza kama jino lake litarudi. Nilimwambia gego litaota akifika darasa la tano hivi. Kuhusu zile chonge mbili, tabibu hakuniahidi kitu.