Kiti cha Baiskeli na Maumivu Yake

Kuna mtu apandaye baiskeli kwa kazi, na kuna apandaye kwa furaha. Mchukuzi aletaye madafu mjini tangu alfajiri hapandi kwa kuwa anapenda upepo. Hupanda kwa sababu watoto wake hula kwa magurudumu yale. Mwili wake umezoea siku nyingi, na akiulizwa habari za maumivu ya kukaa huenda akacheka tu. Lakini aliye mgeni, karani au fundi au mwanafunzi aliyepata baiskeli yake ya kwanza, naye ataka kwenda matembezi siku ya mapumziko, huyo hana mazoea hayo. Siku ya kwanza hurudi nyumbani amejaa furaha. Siku ya pili hukaa kitini kama mtu aliyekalia mawe. Siku ya tatu baiskeli huegemezwa ukutani, na buibui huanza kutanda utando wake katika magurudumu. Baiskeli nyingi zimeishia hivyo, wala hazikuwa na kasoro yo yote.

Lawama yote hutupiwa kiti. Mwenyewe husema kwamba ni kigumu mno, na kwamba atatafuta kingine kilicho laini kama mto. Hukumu hiyo ni ya haraka. Yafaa kwanza kujua ni sehemu gani hasa ya mwili inayokalia kiti kile.

Chini ya nyonga za kila mtu kuna mifupa miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, iliyoviringana mfano wa visigino vidogo. Mtu akikaa juu ya benchi la mbao na kutia vidole chini yake, ataigusa. Mifupa hiyo ndiyo iwezayo kubeba uzito wa mtu aliyekaa. Kati yake kuna nyama laini, na humo hupita mishipa ya damu na ya fahamu, nayo haiwezi kubeba mzigo. Basi kiti chema ni kile kinachoipokea mifupa miwili na kuiacha nafasi ya kati ipumzike. Umbali kati ya mifupa hiyo si sawa kwa watu wote; kwa wanawake kwa kawaida ni mkubwa kidogo kuliko kwa wanaume, ndiyo sababu viti vilivyotengenezwa kwa ajili yao huwa vipana nyuma na vifupi mbele. Atakaye kupima umbali wake na aweke kipande cha boksi la karatasi juu ya ubao mgumu, akikalie akiwa ameinama mbele kidogo, kisha ainuke. Ataona mabonde mawili madogo yamebonyea. Kiti kilicho chembamba kuliko umbali wa mabonde yale hakimfai, hata kama kilinunuliwa kwa fedha nyingi.

Sasa fikiri juu ya kile kiti laini kama mto. Kwa mwendo wa dakika kumi, kutoka nyumbani mpaka sokoni, ni kizuri wala hakina neno. Kwa safari ya saa mbili mambo hugeuka. Mifupa huzama katika ule ulaini mpaka ikagusa chini, na sifongo iliyosukumwa hupanda juu katikati, ikabana pale pale pasipotakiwa kubanwa. Wengine hufunga taulo juu ya kiti kwa kamba. Taulo hujikunja, nayo mikunjo hukata ngozi vibaya kuliko kiti chenyewe.

Maumivu ya kiti si ya namna moja, na hapa ndipo wengi wapoteapo. Kuna uchungu wa ile mifupa miwili, mfano wa uchungu wa mahali palipogongwa. Huo humpata karibu kila mgeni, na kama apanda mara kwa mara safari fupi, akipumzika siku moja katikati, hupungua kwa majuma mawili au matatu. Huo wavumilika, kama vile uvumilikavyo uchungu wa viganja vya mtu aliyeanza kulima. Kuna tena moto wa ngozi iliyosuguliwa, ambao huanza kidogo, ukawa mchubuko, na mchubuko ukiingia uchafu huwa kidonda au jipu. Halafu kuna ganzi, mtu asipohisi kitu chini yake. Walakini ganzi hudanganya sana, kwa maana haiumi. Mpandaji huona ni nafuu, naye huzidi kwenda. Kumbe ni mishipa inayobanwa! Apatwaye na ganzi ashuke mara moja, atembee mpaka imwishe, wala asiendelee siku nyingine kabla ya kurekebisha kiti chake. Kuvumilia uchungu wa mifupa ni ujasiri kidogo. Kuvumilia mchubuko na ganzi ni ujinga.

Kurekebisha kiti ni kazi ya spana moja na robo saa, lakini wengi huiacha baiskeli kama ilivyotoka dukani, hata akiwa mwenye duka alikuwa mrefu na mnunuzi ni mfupi. Jambo la kwanza ni kimo. Mwenzake na aishike baiskeli isianguke; mpandaji akae sawasawa, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kisha akanyage kama watu wakanyagavyo, kwa sehemu ya mbele ya wayo, naye ataona goti limekunjika kidogo tu. Hicho ndicho kimo chake, au karibu nacho.

Kiti kikiwa chini mno, magoti huja juu kama ya panzi, miguu haipati nguvu, na uzito wote hushuka juu ya makalio. Haya watu wengi hawayajui: mtu aendeshaye vizuri hakai juu ya baiskeli kama akaavyo juu ya kiti cha nyumbani. Sehemu ya uzito wake hubebwa na miguu inayokanyaga, na sehemu nyingine na mikono iliyoshika usukani. Kiti hupokea kilichobaki. Asiyekanyaga kwa nguvu hata kidogo ndiye aumiaye upesi. Kiti kikiwa juu mno, shida ni nyingine. Nyonga huyumba huku na huku zikitafuta pedeli, na kila kuyumba ni kusugua. Apigaye pedeli mizunguko 60 kwa dakika hufanya mizunguko 3,600 kwa saa moja. Na hesabu hiyo izidishwe kwa miguu miwili.

Baada ya kimo, kiti kilazwe sawa kama meza. Pua yake ikielekea juu, hubana nyama laini na kuleta ganzi. Ikielekea chini, mtu huteleza mbele daima, akijirudisha kwa mikono, mpaka viganja na mabega yakachoka. Tena mabadiliko yawe madogo, upana wa kidole tu kila mara, kisha ajaribu siku mbili tatu kabla ya kubadili tena.

Njia nayo ina sehemu yake. Gari la magurudumu mawili alilolitengeneza Karl Drais katika nchi ya Ujerumani mwaka 1817 halikuwa na pedeli. Mtu alikaa akijisukuma kwa miguu chini. Baiskeli za Paris za miaka ya 1860 zilikuwa na pedeli, lakini magurudumu yake yalikuwa ya mbao yenye bamba la chuma, na Waingereza walizipa jina la kitikisa-mifupa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hati ya mpira uliojazwa upepo, na mateso yakapungua sana. Hata hivyo mpira haumalizi mashimo yote. Apitaye njia ya changarawe na ainue mwili kidogo afikapo shimoni, asimame juu ya pedeli kwa magoti yaliyolegea. Hata katika lami, yafaa asimame kila baada ya dakika kumi hivi, ili damu ipite.

Kwa habari ya nguo, adui ni mshono mnene na jasho. Kaptura yenye mshono katikati ya mapaja ni kama msumeno. Zipo kaptura za baiskeli zenye kitambaa kinene ndani. Hizo huvaliwa bila nguo nyingine chini yake, na hufuliwa kila baada ya safari. Asiye nayo avae nguo safi isiyobana wala kupwaya, apake mafuta ya mgando mahali panaposuguana. Arudipo asikae na nguo mbichi akisimulia habari za safari. Aoge, ajikaushe vizuri. Jipu likitokea, lisikamuliwe. Baiskeli ipumzishwe, na likikua au likileta homa, liende likaonwe na mganga wa zahanati.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya wachanga tu. Katika mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa mwaka 1989, Mfaransa Laurent Fignon aliingia siku ya mwisho akimtangulia Mmarekani Greg LeMond kwa sekunde 50. Ilibaki kilomita 24.5 tu, kutoka Versailles mpaka Paris. Lakini Fignon alikuwa na kidonda cha kiti, hata usiku hakupata usingizi mzuri. Jioni ile alishindwa kwa sekunde 8, baada ya safari ya kilomita zaidi ya 3,000. Hakuna awezaye kusema kwamba kidonda peke yake ndicho kilichomwangusha, kwa kuwa LeMond alitumia usukani wa namna mpya uliopunguza nguvu ya upepo. Miaka miwili kabla yake, Sean Kelly wa Ireland alikuwa akiongoza mashindano ya Hispania, zikabaki siku chache tu, naye akashuka na kujitoa kwa sababu ya jipu pale pale. Alirudi mwaka 1988 akashinda.

Viti vya ngozi vina tabia yao. Fundi John Boultbee Brooks wa Birmingham alipata hati ya kiti chake mwaka 1882, na viti vya namna ile vingali vikitengenezwa. Ngozi nene hutandazwa juu ya chuma kama ngozi ya ngoma. Mwanzoni ni kigumu kabisa, lakini kwa kukaliwa miezi hubonyea pale ilipo mifupa ya mwenyewe, kikawa chake yeye, wala hakimpendezi mtu mwingine. Kisilowe mvua. Mfuko wa plastiki hutosha kukifunika.

Mgeni akaaye Tanga na aanze kwa mapango ya Amboni, yaliyo mbali na mji kadiri ya kilomita 8. Kwenda na kurudi ni mazoezi ya kutosha kwa juma la kwanza na la pili. Pangani, iliyo mbali kadiri ya kilomita 50, ingoje mpaka juma la sita au zaidi, mifupa ikiwa imenyamaza. Siku hiyo aondoke kabla ya jua kuchomoza, na kaptura kavu ifungwe nyuma katika keria, apate kuivaa akifika mtoni.