Kuta za Kubomolewa

Kwenye karakana ya uashi hatujengei saruji. Wanafunzi hutumia mchanga na chokaa, ili kona ikishasahihishwa iangushwe, matofali yakwanguliwe na kupangwa tena kwa ajili ya darasa la kesho. Mimi nilitoka mtaani, Mbagala, ambako ukuta ukisimama umesimama, na ukipinda utausikia kwa mwenye nyumba kila mkikutana. Mwanzoni mwa ualimu nilikuwa naona uchungu kuangusha kwa mguu kazi iliyonyooka.

Uashi niliupata kama wengi walivyoupata: saidia fundi kwanza. Unakoroga udongo, unabeba karai, unarusha matofali, huku jicho likiiba kinachofanyika juu ya jukwaa. Fundi wangu hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa na maelezo. Ukimuuliza kwa nini kamba inaanzia kona ile, jibu lake ni, "Lete udongo." Baadaye nilimwelewa. Kibarua akijua kupima kona leo, kesho anamfuata tajiri na kumwambia atajenga kwa nusu ya bei.

Kampuni za ukandarasi zilipoanza kuuliza karatasi getini, nilifanya majaribio ya ufundi, daraja la tatu hadi la kwanza, ule mfumo wa zamani. Kutoka hapo nikaenda Morogoro, kwenye chuo cha walimu wa ufundi stadi kilicho chini ya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kule niliambiwa niandike hatua za kuchota udongo kwa mwiko na kuulaza juu ya tofali. Kazi ambayo mkono wangu uliifanya hata nikiwa na usingizi! Nilikaa na karatasi tupu mpaka jirani yangu, fundi bomba, akaanza kucheka. Yeye naye karatasi yake ilikuwa tupu.

Darasani ndiko nilikoanza kuijua kazi yangu. Kona tunaipima kwa tatu-nne-tano: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, mshazari ukisoma futi 5 basi iko skwea. Nilipoonyesha hivyo, kijana mmoja aliyeishia kidato cha pili aliruka: "Mwalimu, hiyo si Pythagoras?" Hesabu zilimfukuza shule, akazikuta zimemsubiri kwenye msingi wa nyumba.

Zege nalo. Kila fundi anajua kwamba zege halilali, likichanganywa leo limwagwe leo. Wachache ndio wanaojua sababu ya kutoliongezea maji ili limwagike kirahisi. Saruji inahitaji maji kiasi tu ili ishikane. Yanayozidi yakikauka huacha vitundu, na nguzo inadhoofika bila kuonyesha dalili. Mtaani nilikuwa nakaripia vibarua kwa ukali, "Acheni maji!" na wao wakaongeza nikigeuka. Darasani nalazimika kueleza, na anayeelewa sababu hahitaji kusimamiwa.

Wenzangu wa saiti walinitania kwamba nimekwenda kula chaki. Kweli, mwezi wa kazi nzuri fundi anaupita mshahara wangu bila kutoka jasho. Ila masika yakiingia na misingi ikajaa maji, huwa hawanitanii.

Linalonisumbua ni fildi. Unamfundisha mtu miezi, halafu anakwenda saiti kukutana na fundi wa "lete udongo". Binti mmoja alinipigia simu kutoka Dodoma: "Shikamoo mwalimu. Huku hawaniruhusu kushika pimamaji, wanasema nibebe tu." Nikamwambia abebe, asibishane, ila awe anawahi saiti kabla ya fundi na kufunga kamba mwenyewe. Fundi aliikuta kamba imefungwa, akaipima kimyakimya, akaipima tena. Baada ya siku chache alimwachia kona moja, na udongo akawa anapelekewa yule binti.