Kasi, Ladha na Kigezo cha Uchapishaji
Mnamo 2003, mkanda wa Morimoto ulioonyesha mchezo wa Super Mario Bros. 3 ukimalizwa kwa takriban dakika 11 uliwaghadhabisha watazamaji walioudhania kazi ya mikono mitupu. Kumbe ulitungwa kwa programu inayoiga mashine ya Nintendo, akipunguza mwendo na kurudia kila hatua hadi imridhishe. Kwangu mimi huo ni utunzi, mradi njia itajwe. Mshairi naye hufuta. Utata umo katika uhakiki. Waamuzi wa TASVideos, wachapishao kazi za aina hii, walizoea kuikataa hata iliyo na kasi kuliko zote iwapo inachosha. Mwaka 2012 wakaitengea ghala yake. Naiunga mkono ghala hiyo, kwa kuwa rekodi ni ushahidi. Ila naushuku wepesi wake: fremu, takriban 60 kwa sekunde, huhesabika, ilhali ladha hudai hoja, na mwamuzi aliyechoka hukimbilia hesabu. Katika hatua ambazo picha husogea kwa mwendo wake yenyewe, Mario hawezi kuharakishwa. Hapo ndipo Morimoto humrukisha juu ya maadui, akichuma maisha asiyoyahitaji, bila kupoteza fremu hata moja. Kazi mbili zikilingana kwa muda, mbwembwe hizo ndizo ziamue ipi ichapishwe.